Msahafu, Mswada au Pothi? Uhakiki wa Istilahi Zihusuzo Maandiko ya Ibada ya Wahindu

Kila habari za dini ya Kihindu ziandikwapo kwa Kiswahili, ama katika kitabu cha shule, ama katika tafsiri ya makala ya utamaduni, ama katika taarifa ya ofisi kuhusu sikukuu fulani, hazikosi maneno matatu: kitabu kitakatifu, mswada, na kuabudu. Veda ni "kitabu kitakatifu cha Wahindu". Nakala za kale za maandiko yao ni "miswada". Na watu wakionekana wameweka maua mbele ya nakala hizo, basi "wanaabudu vitabu". Maneno haya yote ni Kiswahili fasaha, na kila moja lina kazi yake. Hoja yetu ni kwamba yakikutanishwa kueleza jambo hili, humwonyesha msomaji kisichokuwapo na kumficha kilichopo.

Kilichopo ni hiki. Katika ibada za Kihindu nakala iliyoandikwa si ghala la maneno tu. Hupokewa kama mgeni, huketishwa, huvishwa nguo, hufukizwa, husomwa kwa sauti, hutolewa sadaka, na ikichakaa huagwa. Mwenye kutafuta istilahi hana budi kuanza na vitendo hivi, kisha ndipo afungue kamusi. Wafasiri wengi wameanza na kamusi.

Tuondoe kwanza kikwazo kimoja kidogo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo, Singasinga au mtu asiye na dini. Mhindu ni mfuasi wa dini. Wahindu wengi si Wahindi: wako Nepal, na wako katika kisiwa cha Bali nchini Indonesia. Hali kadhalika yale yasemwayo juu ya kitabu cha Masingasinga, ambacho kwao ni Guru aliye hai, ni somo lingine na yasichanganywe na haya.

Sasa kitabu kitakatifu. Istilahi hii imetujia kutoka katika dini ambazo waumini wake hujulikana kwa kitabu chao. Mwulize Mkristo au Mwislamu kitabu chake ni kipi, jibu ni moja. Mwulize Mhindu, huenda akataja Veda, au Gita, au Ramayana, au Bhagavata, na kila jibu litakuwa sahihi kwa njia yake. Lakini wingi si tatizo kubwa, kwani Kiswahili kina vitabu vitakatifu kama kilivyo na kitabu kitakatifu. Tatizo kubwa ni kwamba Veda, yenye cheo cha juu kuliko maandiko yote, kwa asili yake si kitabu. Wenyewe huiita shruti, yaani kilichosikiwa. Rigveda, iliyo kongwe miongoni mwa Veda nne, ina nyimbo 1,028 zilizotungwa yapata miaka 3,000 iliyopita au zaidi, zikarithishwa kwa mdomo kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Mwanafunzi huitamka aya kwa mfululizo wake, kisha neno mojamoja, kisha maneno mawilimawili yakienda mbele na kurudi nyuma, ili isipotee hata silabi moja. Katika Paniniya Shiksha, kitabu cha kale cha kanuni za matamshi, msomaji ategemeaye maandishi amehesabiwa miongoni mwa wasomaji sita walio duni kuliko wote.

Shirika la UNESCO, pengine bila ya kukusudia, limetupatia ushahidi mzuri wa jambo hili. Mapokeo ya kughani Veda yalitangazwa kuwa urithi wa binadamu mwaka 2003, yakaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Nakala 30 za Rigveda zilizohifadhiwa katika Taasisi ya Bhandarkar mjini Pune ziliingizwa mwaka 2007 katika orodha nyingine kabisa, ile ya Kumbukumbu za Dunia. Nakala iliyo kongwe kati ya hizo ni ya mwaka 1464. Sauti imewekwa mahali pake na nakala mahali pake. Mtafsiri wa Kiswahili amevikusanya vyote viwili katika neno kitabu, na hapo msomaji hawezi tena kujua kwamba kimoja kilimtangulia mwenzake kwa zaidi ya miaka elfu mbili.

Jambo la kushangaza ni kuwa Kiswahili kina njia ya kutenganisha mambo haya. Kurani ni neno. Msahafu ni kitu. Aliyehifadhi Kurani yote kifuani hana msahafu kifuani. Msahafu huwekwa juu ya marufaa, hushikwa kwa udhu, haulazwi chini. Lugha yetu, basi, inafahamu tangu zamani kwamba neno la ibada na umbo lake la karatasi ni vitu viwili, na kwamba umbo nalo lina adabu zake. Wako waliotaka kulichukua neno hili lenyewe na kusema "misahafu ya Wahindu". Sisi hatukubaliani nao. Msahafu umekwisha kuwa mali ya Waislamu, na kuuhamisha kutawaudhi Waislamu na Wahindu kwa pamoja. Inayofaa kuigwa ni fikra iliyo ndani ya neno, wala si neno.

Tunapendekeza, kwa umbo hilo la kushikika, neno pothi. Ndilo jina la kawaida la kitabu cha ibada katika Kihindi na Kigujarati, nalo limetokana na pustaka ya Kisanskriti. Hasa hutaja kile kitabu cha kurasa ndefu nyembamba zisizoshonwa, kilichobanwa kati ya vibao viwili na kufungwa ndani ya kitambaa. Ni kweli kwamba matamshi ya wenyewe ni ya t yenye pumzi, si ya th kama katika thelathini. Hata hivyo kuandika poti kungeleta kicheko katika nyumba zenye watoto wadogo. Tuandike pothi, ngeli ya i/zi, na midomo ya watu itaamua mengine.

Watumishi wa serikali watauliza: haya yanatuhusu nini? Yanawahusu kila shahidi wa Kihindu anaposimama mahakamani. Imezoeleka kudhani kwamba kama Mkristo anavyoshika Biblia, Mhindu naye lazima awe na Gita mkononi, na filamu za Kihindi zimeikoleza dhana hiyo. Lakini sheria ya viapo ya India ya mwaka 1969 haitaji kitabu chochote. Shahidi huapa kwa jina la Mungu au huthibitisha kwa dhati. Kabla ya sheria ya mwaka 1840 iliyokomesha desturi hiyo, kiapo cha Mhindu katika mahakama za Kiingereza kilifuata maji ya mto Ganga. Usemi kwamba Gita ni "Biblia ya Wahindu" ulienea baada ya Charles Wilkins kuitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1785, na wenye kuueneza walikuwa wakitafuta kwa wenzao kitu kinachofanana na chao. Sisi hatuna sababu ya kurithi utafutaji wao.

Tukija kwenye mswada, kosa ni la namna nyingine. Wataalamu wa maandishi ya kale ya Kiswahili wamelizoea neno hili, na ndani ya fani yao linaeleweka. Lakini kwa msomaji wa kawaida mswada ni andiko lisilokwisha: mwandishi anao mswada wa riwaya, Bunge linao mswada wa sheria. Akisoma habari za "mswada wa Bhagavata", karani mwangalifu anaweza kuuliza utapitishwa lini. Nakala tunayoizungumzia imekwisha, tena kumalizika kwake kulikuwa sherehe. Tungesema nakala ya mkono, na neno nakala hapa lina faida yake, kwa sababu linakumbusha kwamba kuna mtu aliyenakili, na kunakili kwenyewe kulikuwa ni thawabu.

Ipo hata hivyo sadfa moja ambayo haifai kupitwa. Asili ya mswada katika Kiarabu ni weusi, kwa maana ya karatasi iliyotiwa wino. Kusini mwa India, Odisha na Bali, mwandishi hakutumia wino kwanza. Alichora herufi juu ya jani kwa kalamu ya chuma, kisha akapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, akafuta, na weusi ukabaki ndani ya michoro. Nakala hizo zilitiwa weusi kweli, kuliko mswada wowote wa Bunge.

Na jani lenyewe? Tumeona likiitwa jani la mtende na hata jani la mnazi. La. Mti uliotumika sana ni ndugu wa mvumo wetu, ule wa Asia, na pamoja nao mti mwingine wa jamii hiyohiyo wenye majani mapana zaidi. Mtu aliyekulia penye mivumo ataona mara moja jinsi ukuti wake unavyoweza kukatwa vipande virefu kama rula, kutobolewa na kupitishwa uzi. Mwandishi akisema jani la mvumo, ameeleza umbo lote la kitabu kwa maneno matatu. Hata grantha, neno la Kisanskriti lenye maana ya kitabu, kwa asili ni kitu kilichofungwa fundo. Kwa sababu hiyohiyo tunashauri neno jalada lisitumike hapa. Asili yake ni ngozi, na ngozi ya mnyama ni kitu ambacho Mhindu mcha Mungu asingependa kiguse maandiko ya ibada. Pothi ina vibao na kitambaa, mara nyingi chekundu.

Tumesema kunakili kulikuwa ni thawabu. Hapa ndipo penye utajiri wa somo hili, na ndipo wafasiri wanapopita haraka. Ikiwa Veda haikutaka kuandikwa, vitabu viitwavyo Purana vilitaka sana, tena vyenyewe vinasema hivyo. Bhagavata Purana, yenye sehemu 12 na beti ambazo kwa mapokeo huhesabiwa 18,000, inamwahidi mwema mkuu mtu atakayeitoa nakala yake zawadi, ikiwa juu ya kiti cha dhahabu chenye umbo la simba, siku ya mwezi mpevu wa Bhadrapada, unaoangukia Agosti au Septemba. Shivadharmottara, kitabu cha wafuasi wa Shiva cha zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kinaeleza utaratibu mzima: mahali pa kunakilia hupambwa, nakala ikikamilika huketishwa katika kiti cha enzi, hupandishwa juu ya chombo kama mfalme apandishwavyo, hupitishwa katika mji kwa shangwe hadi hekaluni, na huko husomwa ili nchi ipate salama. Utoaji huo huitwa vidyadana, sadaka ya elimu. Tafsiri iliyozoeleka, "kuchangia vitabu", inafaa kwa maktaba ya wilaya. Sadaka ya elimu ni Kiswahili chepesi na hakipotezi kitu.

Kuketi si mfano wa maneno. Katika Assam, kwa wafuasi wa Shankaradeva aliyefariki mwaka 1568, jumba la sala halina sanamu ya mungu katika kiti kikuu. Penye kiti hicho panawekwa andiko, na waumini husujudu mbele yake. Katika vijiji vya Odisha palikuwapo, na pengine pangalipo, kijumba kiitwacho Bhagabata tungi, ambamo nakala ya Bhagavata iliyotungwa kwa lugha ya wenyeji na Jagannatha Dasa katika karne ya 16 iliwekwa juu ya kiti chake, ikafanyiwa ibada na kusomewa wanakijiji jioni. Wasiojua kusoma walikuja kusikiliza, na kijumba hichohicho kikawa mahali pa kujifunza herufi. Mfasiri aliyeandika kwamba Wahindu wote "huabudu sanamu" hana pa kuwaweka watu hawa wa Assam.

Tena zipo siku ambazo heshima ya kitabu ni kutokukisoma. Huko Kerala, zikaribiapo siku za mwisho za sherehe ya Navaratri, vitabu hukusanywa na kuwekwa mbele ya Sarasvati, mungu wa kike wa elimu, na siku ya tisa haisomwi wala haiandikwi hata herufi. Kesho yake huchukuliwa tena, na watoto wadogo hushikwa kidole wakaandika herufi zao za kwanza juu ya mchele. Kule Bali siku ya Sarasvati huja kila baada ya siku 210. Nakala za majani ya mvumo, ziitwazo lontar, hutolewa, husafishwa, huwekewa maua na vyakula, nazo hazisomwi hadi ibada iishe. Kwa mtu aliyefundishwa kwamba kazi ya kitabu ni kusomwa tu, desturi hizi ni fumbo. Kwa aliyekwisha kuelewa kwamba pothi ni mgeni wa heshima, hakuna fumbo lolote: hata mgeni hupumzishwa.

Wala jambo hili haliishii katika maandiko ya dini. Wafanyabiashara wa Kigujarati, pamoja na wale wa mwambao wetu na miji ya bara, huweka daftari zao mpya za hesabu mbele ya Lakshmi wakati wa Diwali, wakazitia alama za baraka kabla ya kuandika shilingi ya kwanza. Daftari la hesabu si kitabu kitakatifu kwa maana yoyote ya kamusi. Hapa ndipo istilahi hiyo inapovunjika kabisa, maana utakatifu wake haumo katika yaliyoandikwa, kwani bado hakijaandikwa kitu.

Basi hufanyiwa nini, daftari hilo na pothi ile? Wengi wamejibu: huabudiwa. Neno kuabudu katika Kiswahili limefungwa kwa Mungu peke yake, na likipelekwa kwa kitu kingine hugeuka kuwa hukumu. Mwanafunzi anayesoma "Wahindu huabudu vitabu" hajapewa maelezo, amepewa shutuma, na katika darasa la Arusha au Mombasa huenda aliyeketi dawati la pili ni mtoto wa Kihindu. Mwalimu hatambui kwamba ametukana, kwa sababu sentensi yake ni sahihi kisarufi. Kinachofanyika ni puja: kutoa maji, nguo, liwa ya msandali, maua, udi, taa na chakula, huduma ambazo mapokeo huzihesabu kuwa 16, na takribani zote ndizo tunazomfanyia mgeni aingiapo nyumbani. Neno puja lina silabi mbili wazi, halimsumbui Mswahili yeyote, na lingefaa kuingizwa lilivyo: kufanya puja, kufanyiwa puja. Ibada libaki kuwa jina la jumla.

Kwa upande wa kusoma, hapa tunao utajiri ambao wafasiri wameutupa. Bhagavata husomwa kwa siku saba mfululizo; Devi Mahatmya, yenye sura 13 na mapokeo ya beti 700, husomwa katika Navaratri; Ramcharitmanas, utenzi ambao Tulsidas alianza kuutunga mwaka 1574, huweza kusomwa bila kukatizwa usiku na mchana, wasomaji wakipokezana. Baadhi ya tafsiri zimeandika "kukariri", kana kwamba ni zoezi la mtihani. Kwa nini? Kiswahili husema kusoma maulidi, kusoma hitima, kusoma dua. Katika matumizi haya kusoma ni tendo la sauti, mbele ya watu, kwa nia fulani. Msomaji aweza kuwa anaangalia kitabu au haangalii, na msikilizaji hupata baraka hata kama lugha haijui. Hiyo ndiyo maana inayotakiwa, na haihitaji neno jipya. Husomwa, basi.

Nayo nakala iliyochakaa haitupwi. Desturi iliyoenea ni kuitia katika mto, na Kiswahili kinalo neno kutosa. Wahifadhi wa nyaraka huhuzunika, na wana haki, kwa kuwa vitabu vingi vya kale vimepotelea majini kwa njia hiyo. Lakini taarifa inayosema kwamba nakala hizo "ziliharibiwa" imemhukumu mtu aliyekuwa akitimiza adabu ya mwisho. Iandikwe zilitoswa mtoni kwa heshima. Hasara ya mwanahistoria yaweza kutajwa katika sentensi inayofuata.

Limebaki neno moja gumu. Mwaka 1826 Sahajanand Swami, anayeitwa na wafuasi wake Swaminarayan, aliandika Shikshapatri, waraka wa beti 212 za mwongozo wa maisha. Wafuasi wake wana mahekalu Nairobi, Mombasa, Kampala na Dar es Salaam. Ndani ya waraka huo aliagiza usomwe kila siku. Asiyejua kusoma asikilize. Na pasipo na msomaji, nakala yenyewe ifanyiwe puja, kwa kuwa maneno yake ni umbo lake yeye mwenyewe. Mwaka 1830 alimpa nakala moja Sir John Malcolm, Gavana wa Bombay, mjini Rajkot. Nakala hiyo imo sasa katika maktaba ya Bodleian huko Oxford, na Wahindu husafiri kwenda kuipatia darshan, wengine wakiwa ni watu wa familia zilizotoka Afrika Mashariki. Hawaendi kuisoma, maana matini wanayo nyumbani. Tafsiri tulizoziona zinasema wanakwenda kuitazama, kama watalii. Kuzuru ni bora zaidi, kwa kuwa huzuriwa mtu au kaburi la mtu. Lakini darshan ni kuona na kuonwa, pande mbili kwa pamoja, na kwa maana hiyo Kiswahili kina kiambishi kinachotosha: wanakwenda Oxford kuonana na Shikshapatri.